Aliyekunywa Maji

Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, watu wachache waliingia kwenye shamba la pamba la serikali, wakang'oa mashina. Simulizi za wazee zinawataja: Ngulumbalyo Mandai, Lindimyo Machela, na mwanamke mmoja, Nantabila Naupunda. Hawakung'oa shamba zima. Waling'oa mashina machache tu, ya kutosha kumjulisha Mjerumani kwamba vita vimeanza.

Nantabila alishika shina, akavuta, mizizi ikaachia udongo. Kisha anatoweka. Alirudi nyumbani kwa njia ipi? Alipika nini jioni ile? Njaa ya miaka iliyofuata ilimkuta hai, au ilimkuta amekwisha kutangulia? Historia ilimwita kwa jambo moja, na alipolitenda ikampa mgongo.

Namfikiria mara nyingi kuliko ninavyomfikiria gavana yeyote. Gavana aliandika kitabu. Gustav Adolf von Götzen alilitawala koloni la Ujerumani la Afrika Mashariki tangu 1901 hadi 1906, na mwaka 1909 akachapisha habari za uasi ule kama alivyotaka zijulikane. Leo hii naweza kumsoma. Naona anapojitetea, naona anapopita haraka, naona anapotua. Ana sababu zake na maneno yake. Nantabila ana shina la pamba.

Basi tunapotafuta maana ya Vita vya Maji Maji, tunamuuliza nani?

Wengine watasema hili ni swali la darasani, la kuwaachia walimu wa historia na wahakiki wa fasihi. Mimi naliona ni swali la matanga. Tunawalilia waliokufa, sawa. Lakini tunawalilia kwa maneno ya nani? Na kama maneno yenyewe yalitungwa na aliyewaua, au na mrithi aliyewahitaji wawe mashujaa, je, tunayemlilia ni yule yule aliyekufa?

Chanzo kilikuwa maji. Inasimuliwa kwamba mwaka 1904 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alipagawa na pepo Hongo, akazama katika kidimbwi cha mto, ndugu zake wakamtafuta wasimpate, na siku ya pili akaibuka nguo zake zikiwa kavu. Akatoa dawa: maji, mafuta ya nyonyo, punje za mtama. Watu wakayanywa, wakanyunyiziwa, wakayachukua hadi makwao. Tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa bado vichanga, Wajerumani walimnyonga kule Mohoro. Maji yakaendelea kusafiri bila yeye.

Mambo hayo yanajulikana. Lisilojulikana ni lile dogo kabisa, ambalo kila aliyekuwepo alilijua bila kuambiwa: aliyeyapokea maji yale kinywani alikuwa anapokea nini?

Mapema mwaka 1905 makundi ya watu yalionekana njiani yakielekea Ngarambe. Habari ilikuwa imepita kwa mnong'ono, mnong'ono ambao Wamatumbi waliuita njwiywila, ikaenea nyumba hadi nyumba. Watumishi wa serikali walipoulizia, wakajibiwa kwamba watu wanafuata dawa ya mavuno, dawa ya maradhi, dawa ya kuzuia nguruwe wa porini wasimalize mashamba.

Dawa ya nguruwe. Ni jibu fupi, nami siwezi kulipita.

Götzen na maofisa wake walilisikia baadaye wakaona hila. Kumbe waganga walikuwa wamepanga njama, na habari za nguruwe zilikuwa kifuniko! Jibu lile liliwafaa. Kama vita vilitokana na waganga, basi havikutokana na kodi, wala na pamba ya kulazimishwa, wala na kiboko. Huko Ujerumani wapinzani wa siasa ya makoloni nao walivisoma vita vile vile, wakaiona kodi, wakaiona pamba, kwa kuwa hayo ndiyo waliyoyahitaji kuipiga nayo serikali yao. Mtu wa Umatumbi alikuwa mbali, hajui kwamba anagombaniwa.

Uhuru ulipokuja, wanahistoria wetu walilisoma jibu lile lile wakaona werevu: wazee walimpumbaza mkoloni huku wakiunganisha makabila. Nimelelewa katika usomaji huo, na bado moyo wangu unaupenda.

Kisha, katika miaka ya 1990, mwanahistoria Thaddeus Sunseri akalirudia, akauliza jambo ambalo linanisumbua mpaka leo. Je, kama walikuwa wanasema kweli? Wanaume walikuwa wamechukuliwa kwenda kwenye mashamba ya walowezi na pamba ya serikali. Uwindaji ulikuwa umebanwa kwa sheria. Waliobaki kijijini ni wanawake, na usiku ni wa nguruwe. Huenda aliyetembea siku nyingi hadi Ngarambe alitaka kitu kimoja tu, mtama uive.

Jibu moja limesikika mara tatu, na kila aliyelisikia alisikia alichokuwa na njaa nacho. Kila aliyekuja baada ya watu wale ameyachota maji yao kwa kata yake mwenyewe.

Labda yote matatu yalikuwa kweli ndani ya mtu mmoja. Labda mwanamke alirudi na dawa ile, asubuhi akainyunyiza shambani, jioni akamnyunyizia mwanawe wa kiume, na hakuona tofauti kati ya adui mwenye meno na adui mwenye bunduki. Lakini hapo tayari nimeanza kumtia fikra kichwani. Nani kanipa ruhusa?

Kwa Kiswahili tunao utenzi. Abdul Karim bin Jamaliddini, mtu wa Lindi, alizitunga habari za vita vile. Utenzi wake ulichapwa Ujerumani mwaka 1933, na mwaka 1957 W. H. Whiteley akautoa upya. Ni sauti ya karibu sana, katika lugha yetu wenyewe, yenye vina na mizani tunavyovijua. Na si sauti ya Nandete.

Mshairi ni mtu wa pwani, msomi wa dini, anawatazama watu wa bara kwa jicho ambalo pwani iliitazamia bara miaka mingi kabla ya Mjerumani kushusha nanga. Maji yale kwake ni ujinga ulioleta balaa. Msomaji mwenye haraka atamwita kibaraka, afunge kitabu. Mimi sidhani tuna haki hiyo. Aliishi katika mji uliokuwa chini ya bendera, na kamba ya kunyongea haikuwa mbali na baraza lake. Wapo wasomi wanaosema kwamba chini ya sifa zinazotolewa kwa serikali katika tenzi za wakati ule kuna uchungu uliofichwa, na lawama inayopitishwa mlango wa nyuma.

Napenda kuamini hivyo. Ninaposoma natega sikio nikingoja uchungu huo, na mara nyingine nausikia. Lakini je, umo ndani ya beti, au nimekuja nao mwenyewe? Mshairi aliyefichwa na woga na msomaji aliyesukumwa na mapenzi wanakutana kwenye mstari mmoja, na hakuna wa tatu wa kuamua.

Hata magazeti hayatusaidii. Wakati wa vita lilikuwepo gazeti la Kiswahili, Kiongozi, lililopigwa chapa kwenye shule ya serikali ya Wajerumani pale Tanga. Dunia ya gazeti hilo ilikuwa ya walimu na makarani waliosomeshwa na serikali ile ile iliyokuwa ikichoma vijiji kusini. Sisi waandishi wa leo tunapenda kuuliza kama mwandishi alikuwa huru. Ningependa kuuliza jingine. Je, kulikuwa na mmoja wao aliyeandika mchana habari zinazoipendeza serikali, na usiku akakosa usingizi? Kama alikuwepo, hilo halikupigwa chapa.

Nifike Mahenge, kwa maana kila ninaposoma habari hizi nafika Mahenge, na hapo ndipo ninapokwama.

Tarehe 30 Agosti 1905 watu kwa maelfu waliliendea boma la Mahenge mchana kweupe. Ndani kulikuwa na askari na bombom, ile bunduki inayotema risasi mfululizo. Waliotuachia maelezo walikuwa upande wa ndani. Walilitazama kundi la kwanza likija, wakalitazama likianguka. Kisha kundi la pili likaja.

Simfikirii sana yule wa safu ya kwanza. Yeye alikuwa na maji, na hakuwa bado na sababu ya kuyatilia shaka. Namfikiria wa safu ya pili. Aliona. Mlio ulimfikia, wenzake walilala chini mbele yake, na walilala kwa namna ambayo hailingani na ahadi aliyopewa. Akainua mguu, akasonga mbele.

Kwa nini?

Maelezo ya kikoloni yana neno lake tayari, wazimu wa ushirikina. Vitabu vyetu vya shule vina neno lao, ushujaa. Maneno yote mawili yana haraka. Yanaruka ule muda kati ya mlio na hatua, muda ambao pengine haukuzidi pumzi chache, na ndani yake mlikuwa na mtu mzima. Je, alidhani wale wa mbele walivunja miiko, ndiyo maana dawa imewakataa? Je, ndugu yake alikuwa amelala pale, akataka kumfikia? Aliona aibu kurudi nyuma mbele ya jirani? Au alijua, alijua kabisa kwamba maji ni maji, na akaona kwamba maisha ya kuchapwa kiboko juu ya pamba ya mtu mwingine hayastahili kukimbiliwa?

Katika yote tuliyopoteza, hili ndilo linaloniuma. Mwili wake ulizikwa au uliliwa na fisi. Jina lake limepotea kama yanavyopotea majina. Lakini sababu yake, ile aliyokuwa nayo peke yake wakati ule, ilikuwa mali yake kuliko hata jina, na juu yake sasa tumejenga nyumba zetu.

Ebrahim Hussein alilijua pengo hili, nadhani, kuliko wengi wetu. Tamthilia yake Kinjeketile ilitoka mwaka 1969, na mwanzoni kabisa alimtahadharisha msomaji kwamba mtu wake ni wa kubuni, asichukuliwe kuwa ndiye yule wa historia. Kisha akampa mtu huyo kile ambacho hakuna hati iliyowahi kumpa: shaka. Kinjeketile wa jukwaani haamini sawasawa kile ambacho watu wake wanakiamini kupitia kwake. Mwishoni, akiwa mfungwa, anatakiwa akane maji, aseme yalikuwa uongo, naye anakataa, akihofia watoto wa kesho watafundishwa kwamba wazee wao walikosea kupigana.

Ni kazi ninayoiheshimu sana. Lakini vizazi vimeisoma darasani, vikafanya mtihani, na tahadhari ya mwandishi ikabaki kwenye kurasa zisizotoka kwenye mtihani. Ukimtaja Kinjikitile leo, wengi tunamsikia Hussein. Yule wa Ngarambe, aliyenyongwa Mohoro, je, alipewa zawadi ya sauti, au nafasi yake ya kunyamaza ndiyo iliyochukuliwa? Nageuza swali hili huku na huku. Bila tamthilia nisingemjali. Kwa tamthilia, ninayemjali si yeye.

Hesabu nazo zina upendeleo wake, ingawa tarakimu hujifanya hazina upande. Wajerumani waliwahesabu wafu wao mmoja mmoja: Wazungu 15, na Waafrika waliowapigania 389. Hao 389 hatujawahi kuwafanyia matanga, wala sijui kama tutawahi. Nao walikuwa na mama. Kwa upande wa waliopigwa, makadirio ya serikali yalikuwa 75,000. Miongo kadhaa baadaye mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Kati ya hesabu hizo mbili kuna watu wasiopungua 175,000 ambao, kutegemea unamsoma nani, walikufa au hawakuwapo.

Wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Vijiji vilichomwa, ghala zikatiwa moto, mashamba yakaharibiwa kwa makusudi, kwa kuwa makamanda walikwisha kuona kwamba risasi hazimalizi kazi; Kapteni von Wangenheim aliandika waziwazi kwamba ni njaa tu itakayowashinda watu wale kabisa. Anayekufa kwa njaa mwezi wa saba baada ya jeshi kupita, anaandikwa kwenye daftari gani?

Pori likarudi mahali palipokuwa na mahame. Tembo wakarudi, mbung'o wakarudi. Katika miaka ya 1940 serikali ya Mwingereza iliwahamisha Wangindo waliobaki, na Hifadhi ya Selous ikatanuka, mpaka mwaka 1982 ikaorodheshwa kuwa Urithi wa Dunia. Wageni huja kutazama nyika ambayo, wanavyoambiwa, haijaguswa na mkono wa mtu. Ardhi nayo husomwa, nayo husomwa vibaya. Chini ya nyasi zile kuna mawe ya mafiga.

Kuna kilichopotea kinachotafutwa kwa jina. Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni, alinyongwa mwaka 1906, katika mji ambao leo unaitwa kwa jina lake, baada ya wenzake wengi kunyongwa tarehe 27 Februari, miongoni mwao mwanamke mmoja, Nkomanile. Wazee wa Ungoni wanasema kichwa cha Songea kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alisimama Songea mbele ya wajukuu na vitukuu, akazungumza juu ya aibu, akaomba msamaha, na kuahidi kwamba watasaidia kumtafuta.

Makumbusho ya Berlin yamekuwa na mafuvu zaidi ya 1,000 kutoka Afrika Mashariki, yaliyokusanywa kwa jina la sayansi. Kila fuvu lilikuwa na msomaji wake wa kwanza, mtu aliyekaa mezani na wino, akaandika mahali lilikotoka, pengine na kabila, akaona ametosheka. Mtu alikuwa na sauti, na madeni, na wimbo aliopenda. Akabaki mstari mmoja kwa mwandiko wa mgeni. Sijui maandishi yoyote juu ya Afrika yaliyo mafupi kuliko hayo, wala yaliyo makatili zaidi.

Kama kichwa cha Songea kitapatikana, familia itakizika, na itakuwa haki. Nitafurahi nao. Lakini hata fuvu likizungumza kwa vipimo vya vinasaba, litatuambia ni nani. Halitatuambia yale maji yalipoletwa Ungoni aliyatazamaje.

Nabaki na wazee wa mwaka 1968. Wanafunzi wa chuo kikuu pale Dar es Salaam, wakiongozwa na Gwassa na mwanahistoria mwenzake John Iliffe, walikwenda kusini na madaftari, wakaketi na waliokuwa hai, wakauliza. Bila wao nisingelijua hata jina la Nantabila, na deni hilo ni kubwa. Hata hivyo nchi ilikuwa na miaka saba ya uhuru. Mwalimu Nyerere alikwisha kuvisimulia vita vile mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956, kama mwanzo wa safari ya kudai nchi. Maswali yalikuja yamebeba umoja, na majibu yakaitikia. Wanahistoria waliofuata wanasema magomvi ya ndani, njaa na mambo ya wanawake yalisukumwa pembeni. Na kitabu kidogo cha ushuhuda ambacho Gwassa na Iliffe walihariri kilichapwa Nairobi kwa Kiingereza. Wengi wa wazee wale wasingeweza kujisoma humo.

Siwalaumu vijana wale. Ningekuwa miongoni mwao ningeuliza yale yale, kwa shauku ile ile. Lakini huwa najaribu kumwona mzee mmoja, aliyekuwa na miaka 20 vita vilipoanza, sasa ana 83, amekaa kwenye kigoda, na kijana mwenye kalamu amemaliza maswali yake yote juu ya viongozi na silaha na makabila. Tuseme kijana anafunga daftari, kisha kwa aibu kidogo anauliza lile jingine: Babu, ulipoyanywa, uliamini?

Mzee anafikiri. Naye anapofikiri anapita juu ya miaka 63, juu ya waliolala mbele yake, juu ya watoto aliowazika wakati wa njaa na waliozaliwa baadaye. Akisema ndiyo, ni nani anayesema ndiyo: yule kijana wa mwaka 1905, au huyu aliyeiona bendera ya Mjerumani ikishuka, ya Mwingereza ikipanda na kushuka, na ya Uhuru ikipandishwa, akaambiwa kwamba ni yeye aliyeianza?